Nyusi ya Mweka Hazina

Marehemu baba hakutuachia shamba wala nyumba. Alituachia ndita. Mimi nilipata mbili, zimesimama wima katikati ya nyusi, za kina kiasi kwamba hata nikicheka mtu aliye mbali hudhani nimefiwa. Konda wa daladala hajawahi kuniambia "sogea nyuma, mama." Picha za kipaimara cha mtoto wa wifi yangu ziliporushwa kwenye grupu la familia, mtu akauliza chini yake: "Shangazi kwani kapatwa na nini?" Hapo nilikuwa nimetoka kula pilau na nina furaha zangu.

Basi harusi ya mtoto wa kaka yangu ilipokaribia, nikaaga nyumbani kwamba naenda kuonwa jino, nikaenda kliniki moja upande wa Masaki kuchoma Botox, sindano ya kunyoosha ndita.

Daktari alikuwa binti mwenye uso laini usioonyesha umri wala hisia. Akanikalisha, akachukua kalamu nyeupe. "Kasirika, mama, nione msuli unavyovuta." Nikamuuliza bei. Aliponitajia, sikuhitaji kuigiza. Akaweka alama tano pale pale. Vipimo 20 vya dawa katikati ya nyusi, na vingine vichache juu ya paji la uso. Sindano yenyewe ni nyembamba, inauma kidogo na kupita. Viliota vinundu vidogo, lakini bajaji haikuwa imefika vikawa vimenywea.

Shida ilikuwa masharti. Saa nne nzima usilale. Usisugue uso. Usiiname sana. Leo usifanye mazoezi, usivae wigi la kubana. Nikarudi nyumbani nikakaa wima kwenye kochi, kichwa kinauma kwa mbali, umeme umekatika, jasho linatiririka kwenye paji na mimi nalikausha kwa kulipuliza kutoka chini. Baba Neema akanitazama weee, mwisho akauliza: "Jino gani hilo linamkataza mtu hata kuegemea?"

Usiku nikaingia intaneti, kosa la kila mgonjwa. Nikakuta ni sumu. Kweli kabisa, ile ile ya bakteria anayeua watu kwa chakula cha kopo kilichoharibika, ila hapa inachujwa na kupimwa kwa kiasi kidogo mno. Inakwenda kwenye ncha ya neva na kuzuia ujumbe usifike kwenye msuli, basi msuli unakaa kimya kwa kukosa maagizo. Aliyeanza kuitumia kama dawa ni daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, kwa watu wenye makengeza, na Marekani ikaipitisha kwa macho mwaka 1989. Huko Kanada, daktari mwingine wa macho, Jean Carruthers, alikuwa akiwachoma watu ambao kope zao zinajifunga zenyewe. Mgonjwa mmoja akalalamika kwamba safari hii hakuchomwa kwenye paji, na yeye alikuwa akipapenda panavyonyooka. Carruthers akaenda kumhadithia mumewe, daktari wa ngozi. Mwaka 2002 Marekani ikairuhusu rasmi kwa ndita. Nikalala nikijifariji: ni sumu, lakini ina vyeti.

Kesho yake hakuna kitu. Keshokutwa, hakuna kitu. Nikaanza kuamini nimelipia maji. Binti alikuwa ameniambia inaanza kushika siku ya tatu au ya nne na kukamilika wiki ya pili, lakini nani huwa anasikiliza maelezo baada ya kulipa? Asubuhi moja nikajikuta kwenye kioo nakunja uso, uso haukunjiki. Nikawaza deni la ukumbi. Wapi! Paji limetulia, limenyooka. Nikapiga vigelegele peke yangu bafuni.

Ndipo nikaiona nyusi. Ya kushoto ilikuwa mahali pake. Ya kulia ncha yake ya nje ilikuwa imepanda juu, imekata kona, haishuki. Nikaivuta kwa kidole, nikaiachia, ikapanda tena.

Nikamtumia daktari picha. Akanipigia kwa upole. Msuli wa paji kazi yake ni kuinua nyusi. Katikati umelala, pembeni kulia umebaki macho, kwa hiyo unavuta peke yake kwa nguvu zote. Dawa ya kuifuta ile ya kwanza hakuna. Wiki mbili zikitimia aongeze tone dogo pale pembeni, au niiache, ndani ya miezi mitatu au minne itashuka yenyewe.

Jioni hiyo Baba Neema alichelewa. Nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, "Umeshakula?" Akaangalia nyusi. Akavuta kiti. "Sikiliza, mama Neema. Ile pikipiki ya mdogo wangu, ni kweli hela nilitoa mimi." Mimi nilikuwa nataka kujua kama nimpashie ugali.

Jumapili tukawa na kikao cha harusi, Sinza. Mimi ndiye mweka hazina. Nikafungua daftari la ahadi, nikamwita shemeji wa kwanza. Akasimama: "Elfu hamsini." Nikainua kichwa ili niandike vizuri. Akajikohoza. "Kwa kuanzia. Jumla weka laki moja." Nikaendelea kumtazama maana kalamu ilikuwa haitoi wino. "Na nusu," akasema, akakaa.

Wa pili akaja na laki moja, akaondoka na kreti nne za soda juu yake. Jamaa wa benki aliyekuwa anatuzungusha tangu kikao cha kwanza akalipa kwa simu pale pale, akaja kunionyesha ujumbe bila kuombwa. Aliyeniumiza ni mjomba, mzee wa watu, anatembea na fimbo. Akataja elfu ishirini zake, akaniona, sauti ikamtetemeka: "Mwanangu, mimi nimekubeba mgongoni. Leo huniamini?" Nikapiga magoti nikamshika miguu, nikasema ni jino, mjomba, limevuta uso. Akaongeza mbuzi.

Baada ya kikao nikamnong'oneza mwenyekiti kwamba wiki hii naenda kurekebishwa. Akashtuka. "Hapana, dada. Hiyo nyusi kwa sasa ni mali ya kamati."

Ikabaki hadi harusi. Bajeti ilitimia, chenji ikabaki. Kwenye picha sina ndita hata moja. Ninaonekana tu kama simwamini bibi harusi.

Nilipokwenda kliniki hatimaye, daktari akaichunguza nyusi, akaandika kwenye karatasi. "Tone la kurekebisha ni laki moja, mama." Mimi nilikuwa nakumbuka kama pochi ya pesa nimeiacha kwenye gari. Sikusema neno. Akanitazama. Akafuta. "Elfu hamsini." Nikaendelea kukumbuka. "Basi, mama, leo ni bure."

Nikamshukuru sana, nikamwomba tusogeze hadi wiki ijayo. Mwenye ukumbi alikuwa bado hajaturudishia amana yetu.