Mshenga na Vidonge vya Moto

Harusi ya mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ilikuwa imebakiza miezi miwili, na mimi nilikuwa na kilo 94 na suti moja ya mwaka 2016. Nikajinyima. Ugali nikauaga, chapati nikazikatia mawasiliano, nikabaki na matango na mayai yasiyo na viini. Kocha wa jimu akaniona nasuasua, akaniuzia kopo jeusi lenye picha ya moto kwa shilingi laki moja na ishirini.

"Hivi vinachoma mafuta hata ukiwa umekaa, kaka."

Hapo ndipo aliponimaliza. Kukaa nakuweza.

Jumamosi ile tulikuwa tunapeleka posa Muheza, na mshenga ni mimi. Nilichaguliwa kwa sifa moja tu: najua kunyamaza. Mahari haishuki kwa maneno, inashuka kwa kimya. Wakikutajia kiasi, unakohoa kidogo, unatazama paa, unaomba maji. Ukifika glasi ya pili, wenyewe wanaanza kupunguza.

Alfajiri, Mbezi, tumbo tupu, nikameza viwili kama kopo lilivyoelekeza. Kufika Chalinze sisikii kitu, nikaongeza cha tatu. Segera akapita muuza kahawa na dele lake, nikashushia vikombe vitano vya kahawa chungu. Kashata nilikataa kwa heshima zote, ina sukari, na mimi niko kwenye dayati. Kila kidonge kilikuwa na miligramu 150 za kafeini. Mtu mzima anashauriwa asizidi 400 kwa siku nzima. Mimi nilizivuka kabla ya saa nne asubuhi, na dele la Segera sijalihesabu.

Tukakaribishwa mkekani. Wazee wanne, na bibi mmoja pembeni anachagua mchele kwenye ungo. Nikatoa shikamoo moja, ikatoka kama tano. Barua ya posa ilikuwa kwenye leso pamoja na hela ya kufungulia barua. Nilipoinyoosha kwa mzee, leso ikawa inapepea, na mle ndani hakuna upepo. Jasho linanichuruzika, halafu katika joto lile la Muheza vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa.

"Milioni mbili," akasema mzee.

Nikakohoa. Nikatazama paa. Nikahesabu misumari kumi na minne. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Na ng'ombe je?"

Baba mdogo akanigeukia taratibu, kama feni inayokatiwa umeme.

"Ng'ombe gani?" akauliza mzee. Masikini, hata hakuwa amemfikiria.

"Mtamba! Wa mama! Binti amelelewa, mtamba mmoja ni haki yake, na akizaa..." Baba mdogo akanikanyaga kidole. "...na ndama wenu pia!"

Wazee wakatazamana. Nikamsikia mmoja ananong'ona, "Huyu anatumia unga."

Bibi akaweka ungo chini. Kumbe alistaafu uuguzi. Akanishika kifundo cha mkono, macho kwenye saa ya ukutani, midomo inahesabu.

"Mia na thelathini na mbili. Mjukuu wangu, wewe umekaa mkekani, moyo unakimbilia wapi?"

Nikatoa kopo mfukoni. Akavaa miwani, akalisoma lote kwa sauti, mbele ya wakwe watarajiwa. Kafeini. Gome la yohimbe. Hapo akanitazama juu ya miwani.

"Dawa ya gome hili tuliijua sisi. Wanaume walikuwa wanapewa kwa shida nyingine kabisa."

Wazee wote wanne wakapatwa na kikohozi. Mimi nikatafuta mahali pa kuingia chini ya mkeka.

Akaendelea. "Dondoo ya maganda ya machungwa machungu." Akashusha kopo. "Umenunua bei gani?"

"Laki moja na ishirini, bibi."

"Maganda ya machungwa."

"Ndiyo, bibi."

"Ukayaleta Muheza."

Nje ya mlango, chini ya mwembe, machungwa yalikuwa yamelundikwa kama mchanga wa kujengea. Mzee wa milioni mbili alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Nikapewa maji, nikapewa wali wa nazi na kuku, nikala sahani tatu bila kumwangalia mtu usoni. Usingizi ndio haukuja: saa tisa usiku nilikuwa bado nahesabu mabati kwenye chumba cha wageni, baba mdogo anakoroma kwa hasira pembeni yangu.

Posa ilikubaliwa. Na ng'ombe naye, kwa kuwa neno la mshenga halirudi, ila baba mdogo alisema wazi litatoka mfuko gani. Laki nane. Suti ilivaliwa bila kufungwa vifungo.

Wiki iliyopita wametuma picha ya mtamba. Wamemwita Mshenga. Kanona, ana shingo kama gunia la mkaa, na kutwa nzima yuko chini ya ule mwembe anatafuna maganda ya machungwa.