Dodoso kwa Kiswahili, Tasnifu kwa Kiingereza: Kinachopotea Njiani

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ndogo ya kuandika mahojiano yaliyorekodiwa katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini mwa Tanzania, mahojiano na akina mama wanaotafuta pweza mwambani. Dodoso liliuliza: kwa mwezi huwa unakwenda mara ngapi? Mama mmoja akajibu bila kusita, "Twaenda bamvua, maji mafu twapumzika," yaani hupumzika siku ambazo maji hayapwi sana. Katika jedwali la ripoti, iliyoandikwa kwa Kiingereza, jibu hilo liligeuka kuwa mara mbili kwa mwezi, kwa sababu bamvua huja mara mbili, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Aliyefasiri hakukosea hesabu ya mwezi bali maana ya neno, kwani bamvua moja ni siku kadhaa mfululizo ambazo maji hupwa mno hata mwamba ukabaki wazi, na katika kila siku kati ya hizo mama huyo alikuwa mwambani na fimbo yake. Kazi ya siku kumi hivi ikasomeka kama kazi ya siku mbili. Mimi nilikuwa mwandishi wa kulipwa kwa ukurasa, wala hakuna aliyeniuliza.

Nimeanza na bamvua kwa makusudi, kwa sababu mjadala wa lugha ya utafiti wa kitaaluma kwetu huanza na hadhi ya taifa na huishia hapohapo. Upande mmoja husema tasnifu na makala ziandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya wananchi. Upande wa pili husema sayansi haina budi kuandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya wasomi wa dunia. Hali halisi katika vyuo vikuu vya Tanzania ni kwamba, ukiondoa idara za Kiswahili, ambazo ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa ikifundisha kwa lugha hiyo tangu mwaka 1970, utafiti wa kilimo, afya, elimu, sheria na uchumi huulizwa kwa Kiswahili kule kijijini na huandikwa kwa Kiingereza chuoni. Kila hoja katika mjadala huu ingefaa ipimwe kwa safari hiyo ya kutoka kijijini hadi chuoni.

Hoja ya Kiingereza ni nzito kuliko watetezi wa Kiswahili wanavyopenda kukiri. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Lushoto, aliona kuwa maziwa ya kutengenezea aiskrimu yaliyowekwa kwenye jokofu yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyokwisha kupoa. Darasani alichekwa. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye alilipima badala ya kulipuuza, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Leo jambo hilo lina jina la Mpemba hata miongoni mwa wanafizikia wasiojua Magamba iko wapi, na wapo walioandika kwamba halipo kabisa au kwamba vipimo vyake havikuwa makini. Kupingwa huko nako ni sehemu ya faida ya makala ile, kwa maana anayekupinga ni lazima awe amekusoma. Kama ingebaki katika jarida la Kiswahili, huenda wengi wa wapinzani hao wasingeiona.

Katika tafiti za nchi nyingi, hoja hiyo inakuwa nzito zaidi. Majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoendeshwa kati ya mwaka 2009 na 2014, yalikuwa na vituo 11 katika nchi 7 za Afrika. Bagamoyo, Korogwe na Kilifi zilikuwa humo, lakini walikuwamo pia Wagaboni na Waburkinabe wa Kifaransa na Wamsumbiji wa Kireno. Bila lugha moja ya mpango na ya takwimu, data hizo zisingeunganishwa, na Shirika la Afya Duniani lisingekuwa na cha kusimamia lilipoipendekeza chanjo hiyo mwezi Oktoba 2021. Aidha, mhadhiri wa leo hupandishwa daraja kwa makala zilizohakikiwa, na wahakiki wengi wa fani yake wako Accra, Pretoria au London. Kumwambia aandike kwa Kiswahili bila kugusa kanuni za kupandishwa daraja ni kumtwisha yeye peke yake gharama ya uzalendo wetu.

Kuna hoja moja ya upande huo ambayo siichukulii kwa uzito, nayo ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na neno kama usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, limo vitabuni zamani. Tatizo ni kwamba istilahi huishi kwa kutumiwa, na Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu nchini, ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, pendekezo hilo liliwekwa kando. Tuliunda maneno tukayafungia kabatini.

Sasa nije upande wa Kiswahili, ambao kwa maoni yangu una hoja moja kubwa kuliko nyingine zote. Mfano wake bora ni degedege. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi wilaya ya Bagamoyo, na ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 1996, waligundua kwamba wazazi walikuwa na magonjwa mawili pale ambapo daktari alikuwa na moja. Homa ya malaria ilikuwa ugonjwa wa kupelekwa zahanati. Degedege, yaani mtoto kushtuka, kukakamaa na kugeuza macho, lilikuwa jambo jingine lenye chanzo chake, ambalo kwa wengi lilihusishwa na shetani, na la kuanzia kwa mganga. Ipo pia imani iliyoenea sehemu nyingi kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Kwa daktari, degedege hilo mara nyingi lilikuwa ni malaria kali, na kila saa iliyopita ilikuwa hatari.

Fikiria dodoso lililouliza, "Mtoto wako akipata malaria humpeleka wapi?" Mama angejibu zahanati, na angekuwa mkweli kabisa. Jibu lingejazwa, asilimia zingepatikana, na makala ya Kiingereza ingetangaza kwamba akina mama wanawahi matibabu, huku watoto wa degedege wakiwa hawamo katika swali lenyewe. Watafiti wale walilinasa jambo hili kwa sababu walikaa na neno la wenyeji badala ya kukimbilia kulifasiri, hata walipoandika kwa Kiingereza wakaliacha degedege libaki degedege. Jambo hilo linanivutia sana. Makala ilikuwa ya Kiingereza, lakini ugunduzi wake ulikuwa ndani ya neno la Kiswahili.

Kwa hiyo siridhiki na hoja ya Kiswahili inapogeuzwa kuwa hoja ya wananchi kusoma tasnifu. Tasnifu iliyojaa mikabala, viunzi vya nadharia na mawanda ya utafiti haisomwi na mvuvi wa Songosongo hata ikiandikwa kwa Kiswahili cha kupendeza. Wakati mwingine haisomwi hata na msimamizi wake, lakini hilo tuliache. Vilevile Kiswahili chenyewe kinaweza kuwa kifutio. Mtafiti anayemuuliza bibi wa Kisukuma au wa Kidatoga kwa Kiswahili amekwisha kutafsiri kabla hajafungua daftari, na kama mkalimani ni kijana wa kijijini aliyeokotwa asubuhi ile, basi tafsiri ya kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote. Anayelalamikia Kiingereza kwa kumeza maneno ya watu anapaswa kuulizwa Kiswahili kimemeza mangapi.

Mfano wa China hutajwa sana katika mjadala huu, kwa kawaida nusu yake tu. Mwanasayansi wa huko, Tu Youyou, na wenzake walifanya utafiti wa artemisinini, dawa ambayo ndiyo msingi wa dawa mseto tunazotumia leo kutibu malaria, na umbo la kikemia la dawa hiyo lilichapishwa kwa Kichina mwaka 1977. Watetezi wa lugha za nyumbani husema: tazama, sayansi kubwa ilifanyika bila Kiingereza. Wapinzani hujibu: tazama, dunia ilichelewa kuipata. Wote wana ukweli, ingawa kuchelewa huko kulitokana pia na siasa za wakati ule na usiri wa mradi wa kijeshi ambao utafiti huo ulikuwa sehemu yake. Ninachokiona mimi ni kwamba Tu alianza kwa kusoma maandishi ya kale ya Kichina, kwa lugha yake, na humo alikuta maelezo ya kuloweka mmea katika maji badala ya kuuchemsha, yaliyompa wazo la kutumia joto dogo. Lugha ya kuchapishia iliamua nani atasoma na lini, ila lugha ya chanzo ndiyo iliyoamua kama kulikuwa na cha kusomwa.

Ndiyo maana nadhani vita vimepiganwa mahali pasipofaa. Tasnifu ya kemia ikiandikwa kwa Kiingereza sina ugomvi nayo. Ila utafiti wowote uliokusanya data kwa maneno ya watu, uwe wa afya, uvuvi au ndoa, ubaki na maneno hayo: dodoso la Kiswahili liambatanishwe kama lilivyoulizwa, nukuu zichapwe kwa lugha zilizotamkwa na tafsiri ifuate chini yake, na maneno yanayobeba hoja yaelezwe badala ya kubadilishwa. Kamati za maadili tayari hudai fomu ya ridhaa iwe katika lugha anayoielewa mshiriki. Si jambo geni kudai hivyohivyo kwa majibu yake. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na ambayo hutoa vibali vya utafiti, ina nafasi ya kudai hata muhtasari wa kurasa mbili utakaorudi kijijini.

Pingamizi zipo. Majarida huhesabu maneno, na nukuu za lugha mbili hula nafasi. Zaidi ya hapo, katika kijiji cha kaya sitini maneno ya mtu yakichapwa kama alivyoyatamka, jirani atamtambua kwa lafudhi na methali zake, hata jina likifichwa. Pingamizi la kwanza linaondolewa na kiambatisho cha mtandaoni. La pili ni gumu zaidi, na kwa mada nyeti kama Ukimwi au ukatili wa nyumbani ningekubali nukuu zipunguzwe, mradi dodoso na maana za maneno vibaki.

Kwa yule mama wa pweza, hata kiambatisho hakikuhitajika. Ilitosha mtu mmoja mwenye kujua maji asome swali kabla halijachapwa, aliandike upya: bamvua lililopita, ulikwenda mwambani siku ngapi?