Kahawa ya saa kumi na moja na nusu

Kila nikisema riwaya yangu imekwama sura ya nne, napewa dawa moja: amka mapema. Wanaonipa si watu wabaya. Mmoja ni mwalimu wangu wa sekondari, ndiye aliyenipandikizia mapenzi ya vitabu, na mpaka leo hunipigia simu kuuliza nimefika wapi. Kwa maoni yake kila mtu ana saa 24, hakuna aliyepunjwa, na waandishi wakubwa karibu wote walikuwa na ajira. Asemaye hana muda, hana nia.

Kwanza nimpe haki yake, maana ushahidi anao. Shaaban Robert aliingia utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, kijana wa miaka 17, na aliandika vitabu zaidi ya 20 huku akiwa karani, kuanzia idara ya forodha hadi ofisi za Tanga. Muhammed Said Abdulla alianza mwaka 1938 kama mkaguzi katika Idara ya Afya ya Zanzibar, baadaye akawa mwandishi wa habari, na ni katikati ya kazi za magazeti ndipo aliposhinda shindano la uandishi la 1957/58 kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale. Naguib Mahfouz wa Misri alikuwa mtumishi wa serikali mpaka alipostaafu mwaka 1971. Nobeli ilimkuta mwaka 1988.

Tena kazi yenyewe hulisha kalamu. Ousmane Sembène wa Senegal alipakua meli bandarini Marseille, Ufaransa, na riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1956, ni ya mpakua meli. Hata mimi, mtunza stoo ya vifaa vya ujenzi, nimeokota mengi kati ya saruji na nondo. Kuna siku dereva alileta mifuko 598 na hati inasema 600. Nilipomaliza kuhesabu mara ya pili hakubisha. Alitazama kucha zake, kisha akaniuliza kama nimekula. Swali lile, "umekula?", ndilo lililonipa mhusika ninayempenda kuliko wote. Ningekaa nyumbani nikiandika tu nisingelisikia. Kwa hiyo wanaosema ajira ni adui wa riwaya siwaungi mkono, na anayeota kuacha kazi ili awe mwandishi namsihi afikiri tena. Soko la riwaya za Kiswahili halilishi nyumba. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu humpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, fedha nzuri na heshima kubwa, lakini mshindi wa kwanza ni mmoja na kodi ya nyumba ni ya kila mwezi.

Hadi hapo mimi na mwalimu tuko pamoja. Tunapoachana ni kwenye mfano anaoupenda kuliko yote, wa Mwingereza Anthony Trollope.

Trollope alifanya kazi Posta ya Uingereza miaka 33, kuanzia 1834 hadi 1867, na akaacha riwaya 47. Siri yake aliieleza mwenyewe katika tawasifu iliyotoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani. Aliweka saa yake mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Baada ya saa tatu za kuandika alifunga, akavaa, akaenda zake. Hesabu hiyo ya maneno 250 imezunguka dunia nzima, na huku kwetu inatajwa kwenye kila semina ya waandishi chipukizi niliyohudhuria.

Lakini Trollope hakuishia hapo, na sielewi kwa nini sisi tunaishia. Anaeleza kwamba alikuwa na mzee mmoja mtunza farasi, ambaye kazi yake ilikuwa kumwamsha, na kwa kazi hiyo alimwongezea pauni 5 kwa mwaka. Mzee hakuchelewa na kahawa hata siku moja kwa miaka yote waliyokaa mji wa Waltham Cross. Na Trollope, kwa uungwana ambao lazima nimsifie, anakiri kwamba pengine mafanikio yake anadaiwa na mzee yule kuliko mtu mwingine yeyote.

Nimekaa na mzee huyu kichwani kwa muda mrefu. Ili kahawa iwe moto saa kumi na moja na nusu, yeye aliamka saa ngapi? Baridi ya Uingereza ile, moto haujawashwa, maji hayajachemka. Na baada ya kahawa hakurudi kulala, maana farasi walikuwa wanamsubiri. Huyu naye alikuwa na saa 24. Kama kichwani mwake kulikuwa na hadithi, na wazee waliokaa na farasi maisha yao yote huwa nazo, angeiandika lini? Tunapomnukuu Trollope ili kumwonyesha mtu aliyechoka kwamba inawezekana, tunamnukuu aliyeletewa kahawa tukimwambia aliyeipeleka.

Na wengine je? Franz Kafka alifanya kazi katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague, na kazi yake iliisha saa nane mchana. Alilala alasiri, akaandika usiku, na bado katika shajara na barua zake alilia kwamba ofisi inamuua. Mwandishi Mmarekani Toni Morrison ndiye anayenipa shida zaidi, na siwezi kumkwepa. Alilea wana wawili bila mume, alikuwa mhariri New York, na aliandika kabla wanawe hawajaamka. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970. Huyo ni shujaa wangu. Hata hivyo kazi yake ya mchana ilikuwa vitabu vyenyewe, alilipwa kwa kusoma. Kazi ya namna hiyo inachosha, sikatai, ila inachosha ikiwa imekuacha karibu na sentensi.

Sasa tuje Dar es Salaam. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataka mfanyakazi apate angalau saa 12 mfululizo kati ya kutoka kazini na kurudi. Saa 12 za mapumziko, nusu ya siku nzima! Ukizisikia hivyo utadhani mtu anaweza kuandika tenzi. Mimi nilizichukua nikazikalia na kalamu.

Siku malori yakichelewa natoka stoo, karibu na Kariakoo, saa moja na nusu usiku, na kesho yake naripoti saa moja na nusu asubuhi. Saa 12 kamili, sheria haijavunjwa. Naishi Chanika. Nikipanda daladala hiyo ya usiku nafika saa tatu na nusu, na asubuhi ili niwahi lazima niwe kituoni saa kumi na moja na nusu. Saa 4 zimeenda barabarani. Zimebaki 8. Nikilala kwa muda wa saa tano na nusu tu, zinabaki mbili na nusu, na humo ndimo mna kuoga, kupika, madaftari ya wanangu wawili, sare za kupiga pasi, ndoo za maji. Sheria imeniita niliyepumzika wakati nimesimama mlangoni mwa daladala, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine umeshika mkoba. Saa za barabarani si za mwajiri, hazilipwi, na si zangu, sizitumii. Hazimo katika hesabu ya mtu yeyote, kwa hiyo hakuna anayeziona zikipotea.

Na mtazame saa yenyewe. Kumi na moja na nusu alfajiri, ile ile ya Trollope, mimi niko kituoni gizani na watu themanini tunagombea viti ishirini na tano. Kuamka mapema kwangu ni kuamka saa tisa usiku. Nilijaribu, wiki tatu, maana sikutaka kumjibu mwalimu kabla sijajaribu. Nilipata kurasa 19. Wiki ya tatu niliingiza mzigo mmoja mara mbili kwenye leja, mifuko 60 ya saruji ambayo haikuwapo, na siku mbili zikaenda kuisaka. Baadaye nilipozisoma zile kurasa, sentensi zote zilikuwa zimefanana, za mtu anayetaka kumaliza. Nimebaki na kurasa mbili.

Watu wanauzungumzia uchovu kana kwamba ni hali ya moyo, kitu cha kukemewa kikatoka. Uchovu ni wa mwili. Unakaa kwenye macho na mgongo, na kabla haujagusa kuandika unakula kusoma. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Anayeandika ana kiburi cha kumsukuma, ana jina anataka kulijenga, kuna watu wanamuuliza umefika wapi. Anayesoma hana anayemuuliza. Mwaka juzi nilisoma riwaya tatu, na moja kati yake niliibeba kwenye mkoba tangu Januari hadi Juni. Kuna ukurasa mmoja, mama anakataa kufungua barua ya mwanawe, niliusoma mara nne kwa siku nne kwenye kituo kile kile cha Gongo la Mboto, na kila mara daladala ilipoondoka nilikuwa nimesahau barua imetoka wapi. Mwandishi asiyesoma huanza kurudia sentensi zake mwenyewe bila kujua. Niliyaona hayo kwenye zile kurasa 19.

Hapo hunijia jibu lililo tayari: mbona simu mna muda nayo? Ni kweli, nami usiku mwingi nimeumalizia kwenye video fupi ambazo kesho siwezi kukuambia zilihusu nini. Aliyechoka huchukua kisichomdai kitu. Lakini tazameni simu hizo hizo kwa karibu. Kwenye daladala dada aliyeketi chini ya kwapa langu anasoma hadithi ya WhatsApp, sehemu ya 37, na mwishoni ameandikiwa atume shilingi elfu moja apate zinazofuata. Anatuma. Namwona akituma. Halafu tunaambiwa Watanzania hawasomi. Huyo anasoma kila siku, anasoma kwa pesa yake, anasoma kipande kinachotosha kutoka Buguruni hadi Ukonga. Sitetei ubora wa kila hadithi ya namna hiyo, nyingine zimeandikwa ovyo. Ninachosema ni kwamba msomaji yupo, na mwandishi wake amepima urefu wa sura kwa mwili wa anayesoma. Riwaya za mfukoni za miaka ya 1970 na 1980 zilifanya hivyo hivyo: ndogo, sura fupi, zinaingia mfuko wa nyuma wa suruali. Elvis Musiba, aliyewapa watu Willy Gamba, jasusi wa riwaya zake, mwenyewe alikuwa mfanyabiashara, na nadhani alijua msomaji wake anatoka wapi jioni.

Kuna haki moja nimeanza kuidai. Sheria ile ile inasema anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Zamani saa ya chakula nilikuwa naila wima, mkono mmoja sahani ya mama ntilie na mwingine unasaini hati. Sasa nafunga dirisha la stoo. Dakika 25 nakula, 35 zilizobaki nakaa nyuma ya shehena ya mabati na kitabu, siandiki, nasoma tu. Bosi hakupenda wiki ya kwanza. Nikamwonyesha kifungu, akanyamaza. Sura ya nne bado imekwama, ila sentensi zangu zimeanza kuacha kufanana.

Mwalimu nimemwambia haya yote kwenye simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa mwanangu, lakini wapo wanaoweza." Wapo. Mmoja namfahamu, na ningependa mwalimu akutane naye.

Ni mzee anayelinda geti letu usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi. Nilimwazima riwaya mwezi wa tatu. Kampuni iliyomweka pale imemkataza kusoma zamu, eti kitabu kinaleta usingizi, kwa hiyo anakiweka ndani ya koti na kukitoa saa nane usiku, msimamizi akishapita. Taa ya geti iko juu sana, lazima asimame hasa chini yake na kukiinua kitabu karibu na uso. Kurasa mbili, anasema, kisha shingo inauma. Wiki iliyopita nilichelewa kutoka nikamkuta anakunja koti lake kwenye kiti.

"Shikamoo mzee. Umefika wapi?"

"Marahaba mwanangu. Ukurasa wa 112. Yule kijana bado hajarudi kwao?"

Nikamwambia asinilazimishe kumwambia. Akacheka, akakigusa kitabu ndani ya koti kuhakikisha kipo, na akaenda kufunga geti.