Tiba ya pingili za juu za shingo: mguso mwepesi, madai mazito

Mgonjwa anayekwenda kwa mara ya kwanza kwenye kliniki ya kairopraktiki (tiba ya kurekebisha pingili za uti wa mgongo kwa mikono) ya shingo ya juu huwa amejiandaa kusikia shingo ikialika. Badala yake analazwa ubavu, anaguswa chini ya sikio kwa sekunde chache, anaambiwa tayari, kisha anaelekezwa akapumzike. Wapo wanaotoka wakijiuliza kama kuna lililofanyika, na wapo wanaoapa kwamba kichwa kimekuwa chepesi papo hapo.

Mabishano kuhusu tiba hii huchanganya maswali matatu: je, mguso wenyewe ni salama? Je, maelezo yanayotolewa kuhusu chanzo cha ugonjwa, kwamba pingili za juu zimehama mahali pake, ni ya kweli? Na je, mgonjwa anapata nafuu? Jibu la moja halimalizi mengine. Tiba inaweza kuwa salama na ikasaidia shingo inayouma, huku maelezo yake yakiwa na walakini.

Shingo ina pingili 7. Ya kwanza, atlasi, ina umbo la pete, nayo ndiyo inayobeba kichwa chenye uzito wa takriban kilo 4.5 hadi 5. Ya pili, aksisi, ina jino la mfupa linalochomoza juu na kukaa ndani ya pete hiyo. Unapogeuza kichwa kushoto na kulia, karibu nusu ya mgeuko wote hufanyika kati ya pingili hizi mbili. Hapo hakuna diski, ule mto laini ulio kati ya pingili nyingine; kinachoshikilia ni kano, misuli na umbo la viungo vyenyewe. Katikati ya pete hupita ugwe mgongo. Pembeni hupanda ateri mbili za pingili, ambazo zikifika kwenye atlasi hujikunja nyuma yake kabla ya kuingia ndani ya fuvu. Sehemu inayosogea sana, isiyo na diski, yenye mishipa mikuu ya damu kando yake: si ajabu ikawavutia matabibu, wala si ajabu ikawatia madaktari wengine wasiwasi.

Ahadi kubwa za mkondo huu zina historia yake. D. D. Palmer alianzisha kairopraktiki mwaka 1895 huko Davenport, Iowa, Marekani. Mwanawe, B. J. Palmer, katika miaka ya 1930 alishikilia kwamba kurekebisha pingili za juu kabisa kunatosha, mwili utajiponya uliobaki. Kutoka hapo zikazaliwa mbinu kadhaa, na mgeni anapaswa kuuliza kwa jina ni ipi itakayotumika, kwa sababu hazifanani. NUCCA hutumia mkandamizo mwepesi wa mkono, mgonjwa akiwa amelala ubavu. Atlas Orthogonal hutumia kifaa chenye ncha inayogonga kwa wepesi kiasi kwamba wengi hawahisi kitu. Mbinu ya toggle, na ile ya kupiga magoti kifua kikiwa kwenye benchi, hutumia msukumo mfupi wa kasi. Kwa hiyo anayeambiwa "shingo ya juu ni tiba ya upole" ameambiwa nusu tu ya habari. Jambo zinaloshirikiana ni kukwepa ule mzungusho wa ghafla wa kichwa unaofanya shingo ialike, na hilo ni la kuhesabiwa kwa upande wao.

Ziara ya kwanza mara nyingi haina marekebisho yoyote. Inatakiwa kuanza na historia ya ugonjwa: ajali, dawa, upasuaji, maumivu yalianza lini na vipi. Kisha kupimwa shinikizo la damu, nguvu za mikono, hisia za ngozi, refleksi, macho na mwendo. Baadaye mgonjwa hulazwa chali na miguu kulinganishwa urefu, na wengine hupitisha kipima joto pande mbili za shingo. Hufuata picha za eksirei, kwa kawaida tatu au zaidi: ya ubavuni, ya mbele, na moja inayotazama pete ya atlasi kutoka juu au chini. Kwenye picha hizo huchorwa mistari, na pembe zake ndizo zinazoamua mkono utasukuma kuelekea wapi. Baada ya marekebisho, mgonjwa hupumzika dakika 15 hadi 30, na baadhi ya kliniki hupiga picha nyingine kuona kama pembe zimebadilika.

Hapa ndipo hoja ya tiba hii inapolegea. Fuvu na atlasi za watu wenye afya njema nazo hazilingani kikamilifu pande zote mbili, na kichwa kikiinama kidogo tu mbele ya mashine, pembe hubadilika. Wafuasi hujibu kwamba matabibu waliofunzwa wanapochora mistari kwenye picha ileile hupata majibu yanayokaribiana. Tukubali hivyo. Lakini kupima kitu kwa usahihi hakuthibitishi kwamba kitu hicho ndicho kinachouma. Unaweza kupima urefu wa pua kwa usahihi mkubwa usijue lolote kuhusu mafua. Kipimo cha miguu ni dhaifu zaidi. Tofauti ya milimita chache inaweza kuletwa na jinsi mtu alivyolala, viatu alivyovaa au jinsi mpimaji alivyoshika visigino.

Kuhusu mionzi, hofu isipitilize. Picha za shingo hutoa dozi ya takriban milisiviti 0.2, wakati mionzi ya asili pekee humpa mtu wastani wa takriban milisiviti 2.4 kwa mwaka. Tatizo ni kurudiarudia, na picha za CT zina dozi kubwa zaidi. Chama cha kairopraktiki cha Marekani chenyewe, katika mapendekezo yake ya mwaka 2017, kilishauri picha za uti wa mgongo zisirudiwe kwa ajili ya kufuatilia maendeleo ya mgonjwa. Ndani ya fani yenyewe, basi, ile picha ya "kabla na baada" haina kibali cha wote. Muulize tabibu: picha hii itabadilisha uamuzi gani?

Upande wa nafuu, ushahidi unaosimama vizuri zaidi ni wa maumivu ya shingo, kisha wa kichwa kinachouma kwa sababu ya shingo. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2012 kwa watu 272 wenye maumivu mapya ya shingo lilionyesha kuwa tiba ya mikono ilishinda dawa baada ya wiki 12. Wanaonukuu jaribio hilo husahau sehemu ya pili: mazoezi ya nyumbani, yaliyofundishwa kwa vipindi vichache, yalileta matokeo yanayokaribia kulingana na ya tiba ya mikono. Aidha, jaribio hilo lilihusu tiba ya mikono ya uti wa mgongo kwa jumla, halikuwa la mbinu za atlasi pekee.

Madai ya shinikizo la damu hutegemea zaidi jaribio dogo la mwaka 2007 lililofanywa kwa watu 50. Waliorekebishwa atlasi, namba ya juu ya shinikizo ilishuka kwa 17 baada ya wiki 8. Waliofanyiwa marekebisho ya kuigiza ilishuka kwa 3. Ni matokeo ya kuvutia, lakini watu 50 ni mwanzo wa utafiti, na hakuna mgonjwa anayepaswa kuacha vidonge vya presha kwa msingi huo. Madai kuhusu kinga ya mwili, pumu au magonjwa ya watoto wachanga hayana hata msingi wa kiasi hicho.

Kuna pia jambo linalowanufaisha matabibu wa kila aina: watu huja maumivu yakiwa kwenye kilele, na maumivu mengi mapya ya shingo hupungua yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Aliyekugusa wiki ya pili hupewa sifa za wiki ya sita.

Hatari inayozungumzwa sana ni kupasuka kwa ukuta wa ndani wa ateri ya shingo, damu kuganda na kusababisha kiharusi. Ni tukio la nadra. Utafiti mkubwa wa Ontario, Kanada, wa mwaka 2008 ulikuta kwamba uhusiano kati ya kiharusi cha aina hii na kumwona tabibu wa kairopraktiki ulikaribiana na uhusiano wake na kumwona daktari wa kawaida. Tafsiri ya watafiti ni kwamba ateri iliyokwisha kuanza kupasuka huleta maumivu ya shingo na kichwa, na maumivu hayo ndiyo yanayompeleka mtu kutafuta tiba. Watetezi husoma hapo kwamba hawana hatia. Somo kwa mgonjwa ni lingine: maumivu yanayompeleka kliniki yanaweza kuwa dalili ya mwanzo ya tatizo linalofanya shingo yake isipaswe kusukumwa hata kidogo.

Kwa hiyo maumivu makali ya shingo au kisogo yaliyoanza ghafla, ya namna ambayo hujawahi kuyapata, ni ya hospitali kwanza. Vivyo hivyo kizunguzungu kipya, kuona vitu viwili, ulimi mzito, shida ya kumeza, ganzi ya uso, kuyumba, kope moja kulegea, au kuanguka ghafla. Wenye baridi yabisi, Down syndrome, mifupa iliyodhoofika, kano zilizolegea kwa kurithi, jeraha la karibuni au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wapate kibali cha daktari wao kabla ya kuguswa.

Baada ya marekebisho, uchovu, shingo kuuma kidogo au kichwa kuwa kizito ni vya kawaida na huisha ndani ya siku moja au mbili. Tatizo ni pale dalili mpya zinapoelezwa kuwa "mwili unatoa ugonjwa wa zamani." Maelezo hayo yanaweza kumlaza nyumbani mtu mwenye kiharusi kwa saa ambazo zingemwokoa. Dalili zilizotajwa juu, zikitokea baada ya tiba, ni za dharura hata tabibu akisema nini.

Kliniki nzuri za mkondo huu zina sifa moja ya kupigiwa mfano: hukagua na kukuacha bila kukugusa iwapo hakuna haja, kwa imani kwamba marekebisho machache yanayodumu ni bora. Uliza ni ziara ngapi kati ya kumi huishia kwenye ukaguzi tu. Ukiwekewa mbele mkataba wa ziara 40 za kulipia mapema, kabla hata shingo yako haijaonyesha itaitikia vipi, uahirishe. Andika leo unaweza kugeuza kichwa hadi wapi kila upande, kichwa kinauma siku ngapi kwa wiki, na unameza vidonge vingapi vya maumivu. Rudia vipimo hivyo baada ya wiki 4. Namba zikiwa zilezile huku tabibu akikuonyesha kwamba mistari ya eksirei imenyooka, fuata namba zako.