Bucha Lapata 98

Mtaa mzima ulishaamua kwamba kilo ya bucha la kona si kilo. Mama mwenye nyumba ndiye aliyelivalia njuga. Mpwa wangu, anayesoma takwimu chuoni, akasema maneno matupu hayatoshi, tupime. Basi majirani wakawa wanapitishia vifurushi vyao kwetu kabla ya kwenda jikoni, tunavipima kwa mzani wa keki wa mke wangu, ambao hadi leo unanuka damu.

Kijana akaandika vizuri tu. Nadharia tete sifuri, yaani dhana inayosimama hadi ushahidi uikatae: wastani wa kilo ya bucha ni gramu 1,000 au zaidi. Mbadala: ni chini ya 1,000. Kasheshe ilianza programu ilipomuuliza mtihani unaelekea wapi: kushoto, kulia, au pande zote mbili. Akaitazama ile sifuri, akaona alama ya ≥, akabonyeza kulia.

Jamani! Mwelekeo hutoka kwa mbadala, kwa kile unachodai. Sifuri imekaa tu kizimbani, inasubiri ushahidi. Sisi tunadai pungufu, kwa hiyo mkia wetu, yaani upande wa matokeo tunaouangalia, ni wa kushoto, kwenye namba ndogo. Yeye aliiuliza mashine kama mwenye bucha anatuzidishia nyama, nayo ikamjibu kwa adabu zote: p ni 0.98, yaani kama kilo ni kamili, uwezekano wa kupata wastani kama wetu au mkubwa zaidi ni 0.98.

Mimi nilikuwa kazini. Kijana, kwa kupenda uwazi, akaichapa karatasi na kumpelekea mhusika. Nilipopita jioni niliikuta imebandikwa juu ya mzani, kando ya leseni, na tone la mafuta pembeni. Mwenye bucha alikuwa anawatangazia wateja: "Asilimia 98! Wasomi wamepima!"

"Bosi," nikamwambia, "hiyo karatasi imeangalia mkia usio wake."

Kisu kikabaki hewani. "Mkia nimeshauza asubuhi. Mama ntilie kauchukua wa supu."

"Si huo. Kuna wa kushoto na wa kulia."

"Mwalimu, ng'ombe wangu alikuwa na mmoja."

Mpwa akaitwa na kompyuta yake, akabonyeza kushoto mbele ya foleni. Ikatoka 0.02, chini ya 0.05, kikomo cha kuikataa sifuri tulichokubaliana kabla ya kupima chochote. Sifuri imekataliwa, kilo ni pungufu. Mama mwenye nyumba akapiga kigelegele.

Mwenye bucha akafuta mikono, akasogea. "Nyama ile ile, namba zile zile, jana 98 leo 2. Hapo anayechakachua ni nani?"

Swali halali kabisa, nikaona nimjibu kisomi. Nikamweleza kwamba ni data moja ikitazamwa kutoka pande mbili, ndiyo maana ukijumlisha 0.98 na 0.02 unapata moja kamili.

Akawageukia wateja, mikono juu. "Mmemsikia Mwalimu? Moja kamili! Sasa pungufu iko wapi?"

Foleni nzima ikampigia makofi. Mpwa wangu naye alipiga, kabla hajaniona.

Mama mwenye nyumba hakucheka. Alichomoa mzani wa keki kwenye kikapu, akautua kaunta. "Mimi mikia siijui. Nipimie kilo hapa."

Namba zikapanda, zikasimama kwenye 975. Mwenye bucha akazitazama, akanitazama, akachukua kipande cha mfupa na kukitupia juu.

"Chukua, Mama. Huo ndio mkia wa kushoto."