Sakafu ya laminati: picha ya mbao juu ya mbao

Lawama inayorudiwa zaidi juu ya sakafu ya laminati ni kwamba inadanganya: mtu anadhani anakanyaga mwaloni, kumbe ni karatasi iliyochapwa picha. Lawama hiyo ina ukweli wake, na nitaifikia. Lakini wengi wanaoitoa hawajajiuliza picha hiyo imelazwa juu ya kitu gani, na hapo ndipo hukumu yao inapoanza kulegea.

Ukiutazama ubao wa laminati kwa upande wake uliokatwa, utaona kwamba karibu unene wake wote, ambao kwa kawaida ni kati ya milimita 6 na 12, ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na resini, yaani gundi ya kemikali, na kushindiliwa hadi kila mita ya ujazo ikazidi uzito wa kilo 800. Juu ya nyuzi hizo ipo karatasi yenye picha, na juu ya picha kuna tabaka jembamba la melamini, aina ya plastiki ngumu, lililotiwa chembe za oksidi ya alumini, madini yaleyale yanayotumika kutengenezea msasa. Chini kabisa imebandikwa karatasi nyingine isiyoonekana, ambayo kazi yake ni kuuvuta ubao upande wa pili ili usipinde. Kampuni ya Perstorp ya Uswidi, iliyobuni sakafu hii mwaka 1977, haikuvumbua mbao bandia. Ilichukua uso wa mti mmoja ikauweka juu ya nyuzi za miti mingine.

Kuiga kwenyewe ni ufundi kamili. Mbao za awali zilikuwa laini mno, na mng'ao wa mwanga wa dirishani uliokuwa ukiteleza juu yake bila kukwama popote ulitosha kuzifichua. Leo bamba la chuma linalokandamiza tabaka la juu huchorwa kwa kufuata picha yenyewe, hivi kwamba kila mfereji mdogo unaangukia palipochapwa mstari mweusi wa nyuzi. Pitisha ukucha juu ya fundo la tawi: utahisi ukingo wake mahali hasa jicho linapouona. Kazi hiyo isipofanyika kwa makini, mifereji ikaenda njia yake na picha njia yake, hata asiyejua lolote kuhusu mbao huhisi kuna kitu hakiko sawa.

Kinachoifichua laminati kwa kweli si mguso, ni marudio. Karatasi ya picha kwa kawaida huchapwa kwa silinda zilizochongwa, kila moja na rangi yake, na silinda ikikamilisha mzunguko huanza tena palepale. Mzingo wake ndio unaoamua picha inaenda umbali gani kabla ya kujirudia, na kwa hiyo ndio unaoamua ni mbao ngapi tofauti zinaweza kupatikana. Mti hauna mpaka huo. Basi mtu huketi sebuleni, macho yakazoea, na siku moja akaliona fundo lenye umbo la jicho karibu na mlango, lilelile karibu na meza, na lilelile tena chini ya dirisha. Akishaliona hawezi tena kutoliona. Wapinzani hulishika jambo hili kama ushahidi kwamba kuiga ni bure. Mimi naliona kuwa ni suala la gharama na uangalifu. Mtengenezaji anayechonga picha ndefu zaidi, au anayechapa kidijitali bila silinda, huyapunguza marudio sana. Na fundi anayefungua maboksi kadhaa kwa pamoja, akachanganya mbao na kugeuza nyingine kichwa chini kabla ya kuanza kuzifunga, huzitenganisha zile zinazofanana. Sakafu nyingi zinazochekwa zililazwa na mtu aliyemaliza boksi moja ndipo akafungua la pili.

Kwa mawe sina utetezi wa namna hiyo. Marumaru huchapika vizuri, na hata mistari ya saruji kati ya vigae huchorwa ikaonekana, lakini mguu mtupu hauchelewi kujua. Jiwe hupitisha joto zaidi ya mara 10 kuliko mbao, ndiyo maana hukanyagwa likiwa baridi, na hakuna wino unaoweza kuuleta ubaridi huo. Sauti nayo hukataa: kiatu juu ya jiwe hakilii kama juu ya ubao uliolazwa kwenye sponji.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya umri. Sakafu ya mbao halisi ikichakaa hupigwa msasa, ikapakwa vanishi na kuanza upya. Laminati haipigwi msasa hata mara moja, kwa sababu chini ya picha hakuna picha nyingine. Ikimeguka pembeni, pengo la rangi ya kahawia tupu hubaki likionekana, na maji yaliyotuama kwenye maungio huvimbisha nyuzi zisirudi tena. Kuhusu formaldehidi, gesi yenye madhara kwa afya inayotoka kwenye resini, kashfa iliyozuka Marekani mwaka 2015 ilikuwa ya haki, ila ilihusu viwango vya utoaji wa gesi hiyo, navyo hupimika.

Unabaki udanganyifu wenyewe. John Ruskin, Mwingereza aliyekemea vikali uigaji wa vifaa vya ujenzi mwaka 1849, aliiachilia dhahabu inayopakwa kwenye majengo kwa kuwa hakuna anayeidhania kuwa dhahabu tupu. Katika vito aliita kitu hichohicho hadaa, kwa kuwa huko watu huamini. Kipimo hicho kinatosha. Mgeni anayeingia nyumbani hadhulumiwi chochote kwa kudhani ni mwaloni. Mnunuzi ndiye anayeweza kudhulumiwa, naye anastahili kuandikiwa kwenye boksi kwamba ni laminati, uimara wake dhidi ya msuguano kwa daraja la AC, unene wake na kiwango cha formaldehidi, kwa herufi kubwa kuliko jina la mti ambao haumo ndani.