Mistari minne baharini, njia moja na nusu

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota Dar es Salaam kiasi kwamba ujumbe wa maneno matupu ulikuwa ukizunguka dakika nzima kabla ya kutoka. Nilizima ruta, nikaiwasha, nikaizima tena, kama afanyavyo kila asiyejua tatizo liko wapi. Kisha nikafungua ramani ya mikongo ya baharini, yaani nyaya zinazobeba intaneti chini ya bahari, ile inayochorwa na kampuni ya TeleGeography, ambayo kwa bahati nilikuwa nimeihifadhi kwenye kompyuta.

Pwani ya Tanzania ilikuwa na mistari minne ya rangi: Seacom, EASSy, SEAS na 2Africa. Ukiitazama hivi hivi ungesema nchi hii haina shida, mmoja ukikatika mitatu ipo. Kumbe Seacom na EASSy ilikuwa imekatika siku ile ile upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, kama alivyotangaza Nape Nnauye, aliyekuwa waziri wa habari. Upande wa kaskazini Seacom ilikuwa na jeraha tangu Februari, kwenye Bahari ya Shamu, mahali ambapo inaaminika meli ya Rubymar iliburuta nanga baada ya kupigwa kombora na Wahouthi. SEAS inaishia Ushelisheli. 2Africa ilikuwa bado inajengwa. Kilichobaki ni kipande cha EASSy kinachopanda kuelekea Djibouti na Sudan, ambacho ni wazi hakikutosha. Jirani zetu Kenya walitikisika pia, ila wao wana mkongo wa TEAMS, uliotoka Mombasa moja kwa moja hadi Fujairah, Falme za Kiarabu, tangu 2009, bila kugusa Afrika Kusini wala Bahari ya Shamu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia mjadala ambao wahandisi wanao kwa miaka mingi: je, ramani hizi za intaneti zinatusaidia kuelewa, au zinatupa usingizi? Na tukishakubali kuzichora, ni nani aruhusiwe kuziona?

Mwanzoni hapakuwa na la kubishania. Desemba 1969 mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ulikuwa na vituo vinne tu, vitatu California na kimoja Utah, na mchoro wake ulitosha kwenye kipande cha karatasi. Leo intaneti ni mitandao inayojitegemea zaidi ya 70,000, kila mmoja na mwenyewe: kampuni ya simu, benki, chuo kikuu, serikali. Inapeana habari za njia kwa utaratibu uitwao BGP, na orodha ya njia hizo ilipovuka 512,000 Agosti 2014, baadhi ya ruta za zamani zilijaa kumbukumbu na kuleta kero nchi mbalimbali. Sasa orodha hiyo ni kama milioni moja. Hakuna ofisi yoyote duniani yenye mchoro kamili wa kitu hiki. Anayeutaka lazima autafute kwa kupapasa.

Na kupapasa kwenyewe ni hivi. Data hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti husafiri na idadi ya hatua iliyoruhusiwa. Kila ruta inayopitiwa hupunguza moja, na inayokuta sifuri huitupa pakiti na kurudisha taarifa kwa mtumaji. Van Jacobson, mwishoni mwa miaka ya 1980, aliigeuza tabia hiyo kuwa chombo: tuma pakiti ya hatua moja, kisha mbili, kisha tatu, na kila ruta itajitaja yenyewe. Programu hiyo, traceroute, ndiyo mama wa ramani nyingi za intaneti. Bill Cheswick na Hal Burch wa maabara ya Bell Labs waliianza kazi ya kuchora dunia nzima kwa mbinu hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. CAIDA, kituo cha utafiti cha San Diego, inapima hadi leo. Barrett Lyon mwaka 2003 alitoa picha nzuri mno, kama fataki, hata jumba la makumbusho la MoMA la New York likaichukua.

Niliijaribu mwenyewe, kutoka nyumbani hadi seva ya taasisi moja iliyo upande wa pili wa jiji, umbali wa nauli moja ya daladala. Hatua ya tatu, milisekunde 9. Ya nne, 11. Ya tano, 168. Jina la ruta hiyo ya tano lilikuwa na herufi "lhr", alama ya uwanja wa ndege wa Heathrow, ambayo wahandisi huipachika kwenye majina ya mitambo ili wajue iko wapi. Data yangu ilikwenda London kupiga hodi ndipo irudi mtaa wa pili!

Hoja ya kwanza ya watetezi wa ramani imo humo. Bila kupima, mzunguko huo hauonekani. Mteja anaona tu kwamba "mtandao uko slow" na kampuni inaona bili ya njia ya nje. Nairobi walilijua hilo mapema. Watoa huduma walianzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, mwishoni mwa 2000, ili barua pepe ya Mkenya kwa Mkenya isivuke bahari. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za nje, ikalalamika, na mdhibiti akakifunga kituo baada ya wiki chache. Kilifunguliwa tena 2002. Hoja ya wahandisi wakati huo haikuwa siasa. Ilikuwa ni kuonyesha njia: hapa inaanzia, hapa inapita, hapa mnalipa dola.

Ramani pia ni shahidi. Misri ilipojizima Januari 2011, waliokuwa wakifuatilia jedwali za BGP waliona maelfu ya njia za nchi hiyo zikifutika ndani ya dakika chache. Uganda ilipozimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, vipimo vya nje vilionyesha saa ya kuzimika na saa ya kurudi. Serikali ikisema ni hitilafu, mchoro unajibu.

Upande wa pili una watu makini, si waoga tu. Mwaka 1999 ndugu watatu, akina Faloutsos, walionyesha kwamba katika ramani zilizopo vituo vichache vina viungo vingi kupindukia na vingi vina viungo viwili vitatu. Mwaka uliofuata Réka Albert, Hawoong Jeong na Albert-László Barabási wakaandika kwenye jarida la Nature kwamba mtandao wa namna hiyo unavumilia ajali za kubahatisha, lakini ukivilenga vituo vikubwa, unasambaratika. Habari hiyo ilipendwa sana na magazeti. John Doyle, Walter Willinger na wenzao wakapinga: hicho mnachokiita umbo la intaneti ni umbo la kipimo chenu. Ruta moja yenye anwani kumi huonekana kama ruta kumi. Mitambo mingine hujificha kabisa ndani ya njia za kampuni, na traceroute huona upande wa kwenda tu, wa kurudi haiuoni. Zaidi ya hayo, ruta za kati kabisa huwa na milango michache yenye kasi kubwa. Zenye viungo vingi ziko pembeni, zinahudumia wateja. Ukiziua hizo, wanaoumia ni wa mtaa huo.

Nadhani Doyle na wenzake walikuwa sahihi, na kosa waliloliona ndilo nililofanya mimi Jumapili ile: kuhesabu mistari na kudhani nimehesabu njia.

Halafu lipo la usalama. Mwaka 2003 Sean Gorman, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha George Mason, alikusanya kutoka vyanzo vya wazi ramani ya nyaya za faiba za Marekani, akaonyesha ni jengo gani na sekta gani inategemea waya upi. Richard Clarke, aliyewahi kuwa mshauri wa Ikulu ya Marekani kuhusu usalama wa mtandao, aliliambia gazeti la Washington Post kwamba kijana ampe profesa wake kazi hiyo, apate alama, kisha wote wawili waichome moto. Unaweza kucheka, lakini jambo lenyewe lina uzito. Mkongo wa baharini ukishafika kina kirefu ni mwembamba kama bomba la kumwagilia bustani, na unapopanda nchi kavu huingia kwenye chumba kimoja cha kawaida tu. Anwani ya chumba hicho sina haja ya kuijua, na nisingependa kila mtu aijue.

Hata hivyo, tukiangalia nani hasa anakata mikongo, hoja ya kuficha inapungua nguvu. Kila mwaka duniani hutokea hitilafu kama 150 hadi 200, na nyingi ni nanga na nyavu za wavuvi. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa karibu na Mombasa ikaukata TEAMS, siku chache tu baada ya mikongo mingine kukatika Bahari ya Shamu. Nahodha yule hakuwa jasusi aliyesoma ramani, laiti angeisoma. Ndiyo maana njia za mikongo huwekwa kwenye chati za mabaharia. Na njia zenyewe si siri mpya: waya wa simu za maandishi wa mwaka 1879 ulitoka Aden ukapita Zanzibar, Msumbiji hadi Durban. Zaidi ya miaka 140 baadaye bado tunapapasa pwani ile ile.

Kwa hiyo nikipima pande zote, naona ugomvi unazunguka mchoro usio wenyewe. Mikongo inajulikana ilipo. Kisichojulikana ni nani amepanda upi: kampuni gani ya simu imekodi nafasi kiasi gani kwenye EASSy, benki gani ina laini ya akiba inayopita njia tofauti kweli, hospitali gani inalipia kampuni mbili ambazo zote zinashukia chumba kimoja. Ramani ya mikataba haipo mbele ya umma, na sababu yake ni bei na ushindani kuliko ugaidi. Nakubali kwamba si lazima iwekwe hadharani nzima. Lakini mdhibiti angeweza kuidai yote, na mteja mkubwa apewe kipande kinachomhusu, kama mnunuzi wa kiwanja anavyokwenda kuangalia hati.

Mwaka jana nilimsaidia rafiki mwenye ofisi ndogo ya usafirishaji mizigo kutafuta laini ya pili, kwa kuwa Mei ile ilimgharimu. Tuliwaandikia watoa huduma wawili swali moja: data yetu ikitoka nchini, inapanda mkongo upi, na huo ukikatika inahamia wapi? Wa kwanza akapiga simu. "Kaka, hiyo ni siri ya biashara." Wa pili, kijana mchangamfu kweli, alijibu ndani ya saa moja. Alitutumia kiungo cha ramani ya TeleGeography.